Siku ya vipimo kijiweni: wanaume wanaikimbia meza. Tuipangeje?

Katibu_Kijiwe

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msaada wa watu wa afya, ushauri nasaha na ustawi wa jamii.

Kijiwe kina madereva wa bodaboda 40 hivi, umri kati ya miaka 19 na 45. Pembeni kuna gereji mbili zenye vijana wanaojifunza ufundi, baadhi hawajafika 18. Zahanati ya kata imekubali kutuletea wahudumu wapime presha, sukari, TB na VVU. Tatizo linajulikana: meza ikiwekwa tu, kila mtu anapata abiria ghafla. Anayesogea anaulizwa "vipi, umekanyaga waya?", yaani una VVU? Anayesema halali usiku anaambiwa ajikaze, mwanaume kuvumilia.

Maswali yangu: (1) Saa ngapi, na meza zipangwe vipi? (2) Presha ya mtu anayekunywa vile vinywaji vya kuchangamsha kutwa nzima inapimwaje isidanganye? (3) Mwenye mawazo unaanzaje kuongea naye bila kumfanya kichekesho? (4) Hao vijana wa gereji, wanapimwa kwa utaratibu gani?

Semina ya "wanaume badilikeni" sitaki. Hawaji.

---

Sista_Dirishani

Katibu, hongera kwa kuanza na kukataa semina.

Anza na saa. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3, na tena kuanzia saa 10 jioni, dereva anatafuta hesabu ya bosi, hasimami. Zahanati zetu zina pilika asubuhi, na benchi limejaa akina mama wa kliniki. Mwanaume akichungulia akaona wajawazito na watoto wa chanjo, anageuza pikipiki. Tunamwita mbishi wakati saa zetu na benchi letu vilipangwa bila yeye kufikiriwa. Omba wahudumu waje saa 5 mpaka saa 9, jua kali, abiria wachache.

Kuhusu mpangilio, usithubutu kuweka meza moja yenye bango la VVU. Weka vituo vinne, na kila mtu apite vyote kwa mfuatano uleule: presha na uzito, sukari, maswali ya kikohozi, kisha chumba chenye mlango au pazia zito. Chumbani kila mmoja anakaa dakika 10, anayepima VVU na asiyepima. Ndani ndipo anapoulizwa kama anataka kupima. Akikataa, dakika zake anazitumia kuongea kuhusu usingizi, pombe na maumivu ya mgongo. Majibu anarudi kuyachukua zahanati, asiyasubiri hapo nje macho ya watu yakiwa usoni kwake. Wa nje hawana namna ya kujua nani kapima. Ndivyo unavyolimaliza hilo swali la waya.

Piga hesabu kabla: watu 40 kwa dakika 10 ni dakika 400, karibu saa 7. Wewe una saa 4. Kwa hiyo ama vyumba viwili na wahudumu wawili, ama siku mbili. Foleni ikizidi nusu saa wanaondoka, na hawarudi.

Presha sasa. Makosa ninayoyaona kwenye mahema ni yaleyale. Mtu anashuka kwenye pikipiki, anavishwa mkanda juu ya jaketi, anapiga stori, mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia. Inasoma 158 kwa 96 na anapewa karatasi ya rufaa. Akienda zahanati anakutwa na 128, anarudi kijiweni kutangaza kwamba mashine za serikali mbovu. Umeharibu kwa mwaka mzima.

Ifanyike hivi. Nusu saa kabla asivute sigara, asinywe kahawa wala kinywaji cha kuchangamsha. Akojoe kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 kimya, miguu yote chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu. Pima, subiri dakika 1 au 2, pima tena, chukua wastani. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa wa presha. Ikifika 180 kwa 120, halafu ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho yanafifia au upande mmoja umelegea, huyo hangoji siku nyingine, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Asiende akiendesha mwenyewe.

Weka viti vitano vya kungojea chini ya mti, uviite "kiti cha dakika tano". Asipokaa hapo hapimwi. Wanaume wanaheshimu foleni yenye sheria inayoeleweka kuliko bembelezo.

---

Mzee_Kifimbo

Mimi nasema mnawadekeza. Wazee wetu hawakuwekewa pazia wala kiti chini ya mti. Mwanaume akiumwa anajua njia ya hospitali. Kizazi hiki kila kitu kinataka kubembelezwa.

---

Tabibu_Mstaafu

Mzee Kifimbo shikamoo. Nakubaliana nawe nusu: njia wanaijua. Lakini wanaifuata wakiwa wamebebwa. Mwenye presha ya miaka 6 anaingia mdomo umepinda, mwenye TB anaingia akiwa mifupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanaume watu wazima walikuwa asilimia 55 ya waliougua TB duniani, wanawake 33, watoto 12. Hilo lina sababu nyingi, zikiwemo sigara, pombe na kazi za vumbi. Ukiongeza na kukohoa miezi mitatu huku unasema ni vumbi la barabarani, unapata hizo wodi zetu.

Halafu si kweli kwamba mwanaume haendi. Tazama tohara ya hiari ya kitabibu. Kuanzia miaka ya 2010, mikoa kama Iringa, Njombe na Shinyanga, ambako wengi hawakuwa na jando la kukata, vijana walipanga foleni. Kukatwa, jamani! Kurudi saa 48 baadaye kukaguliwa kidonda, kurudi tena siku ya 7, na wiki 6 bila tendo la ndoa. Walikuja kwa sababu huduma ilikuwa yao, wahudumu waliwangoja wao, na wenzao walikuwa kwenye foleni ileile. Hapohapo walipewa nafasi ya kupima VVU. Ukipanga kitu kwa ajili ya mwanaume, anakuja.

Katibu, kuna mlango mmoja ambao wahudumu wengi wanaona aibu kuutumia: nguvu za kiume. Kijiweni hilo linazungumzwa kila siku kwa mzaha, na vidonge vinanunuliwa mtaani bila cheti. Mwambie mhudumu aseme wazi kwamba nguvu zikipungua inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya sukari, presha au mishipa kuziba. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana inaonyesha mapema. Utashangaa meza ya sukari inavyojaa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 (mmol/L) au zaidi, au ya wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi pamoja na kiu na kukojoa sana, apelekwe zahanati kuthibitishiwa. Saa 5 mchana watakuwa wamekula chapati na supu, kwa hiyo andikeni kwenye fomu muda wa mlo wa mwisho. Bila hiyo namba haina maana.

Maonyo mawili kwenye mlango huohuo. Kwanza, sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, na dawa za moyo za jamii ya naitreti zikikutana, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo ulizeni kwanza anatumia dawa gani. Pili, sababu mojawapo ya wanaume kuacha dawa za presha kimyakimya ni hofu ya kuisha nguvu. Hofu hiyo si uzushi mtupu: baadhi ya dawa za zamani, mfano atenolol na zile za kukojoza, zinaweza kuleta hilo kwa baadhi ya watu. Amlodipine na losartan ni nadra. Asiache, aseme, abadilishiwe. Lakini hatasema kama anayempa dawa anaongea kwa sauti dirishani watu 20 wakisikia.

Makohozi ya kupima TB nayo yanaharibiwa kwa aibu. Kijana anapewa kikopo, anatema mate haraka ajifiche, maabara inajibu "hakuna kitu". Aelekezwe: asukutue kwa maji matupu, avute pumzi ndefu mara mbili, ya tatu akohoe kutoka kifuani, atoe mililita 3 hadi 5 za kitu kizito. Afanyie mahali pa wazi penye upepo, nyuma ya jengo, mbali na wenzake. Swali la kuchuja TB kwa mwenye VVU ni kikohozi cha muda wowote. Kwa wengine ni wiki 2 au zaidi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Matibabu ni miezi 6 na ni bure. Mwambieni mapema kwamba pombe pamoja na dawa hizo inaumiza ini, maana anayekunywa kila jioni akisikia hilo mwezi wa pili ataacha dawa, hataacha pombe.

---

Mama_Nasaha

Nachukua swali la tatu.

Dereva hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinagonga, mgongo unauma, hasira ziko karibu, sitaki watu, nalala saa 8 usiku. Au hasemi, anakunywa zaidi na anaendesha kama anatafuta kitu. Ukimsubiri mwanaume alie ndipo utambue sonona, utamkosa. Dodoso la maswali 9 linalotumika vituoni linauliza wiki mbili zilizopita: hamu ya vitu imepungua? usingizi? uchovu? chakula? kujilaumu? Kila swali alama 0 mpaka 3, jumla 27, na kuanzia 10 anahitaji kuonana na mtaalamu. Lisomwe kwa mdomo, chumbani, kati ya swali la usingizi na swali la mgongo. Usimpe karatasi ajaze mbele ya wenzake.

Kinachoharibu ni sentensi ya kwanza. "Una msongo wa mawazo?" inajibiwa "mimi? hapana", mazungumzo yamekufa. Sema: "Madereva wengi wenye mkopo wa pikipiki wananiambia hawalali. Kwako ikoje?" Umemtoa kwenye udhaifu wake ukampeleka kwenye hali ya kazi. Na muongee mkiwa bega kwa bega, mnatazama barabara au mnakagua cheni, msitazamane macho kwa macho kama polisi na mtuhumiwa.

Swali la 9 la dodoso ni la kutaka kufa. Watu wanaliruka wakidhani watampandikizia wazo. Hulipandikizi. Muulize kwa maneno yaliyonyooka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, muulize kama amepanga. Asiachwe peke yake, mtu anayemwamini akae naye, vitu vya hatari nyumbani, hasa dawa za wadudu na za mifugo, vihamishiwe kwa mtu mwingine, na asindikizwe kituo chenye huduma ya afya ya akili siku hiyohiyo. Msiseme "nenda kesho". Kwa takwimu za dunia za mwaka 2019, waliokufa kwa kujiua walikuwa 12.6 kwa kila wanaume 100,000, na 5.4 kwa kila wanawake 100,000.

Na mjue kwa nini familia zinaficha. Kwetu Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mtu hasemi kwa kuogopa wenzake, na pia kwa kuogopa pingu. Anayesindikizwa aelezwe hospitali kwamba ni mgonjwa, na ndugu waache kumtishia polisi.

Baada ya siku ya vipimo mtahitaji mtu wa kuendelea nao. Kuna kitu cha kuiga Harare: Friendship Bench, ulioanza 2006 chini ya daktari Dixon Chibanda. Mabibi wa mtaani walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati. Mnaorodhesha matatizo yote, mnachagua moja, mnatafuta njia tatu nne, mnachagua hatua ndogo ya wiki hii, anarudi kueleza imekwendaje. Hawakutumia jina la kitaalamu, walitumia neno la Kishona "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi, ambalo ni pacha wa "mawazo" yetu. Matokeo ya utafiti wao wa 2016 yalikuwa mazuri. Ila, na hili ndilo linakuhusu, zaidi ya 8 kati ya 10 walioshiriki walikuwa wanawake. Benchi lilikuwa zahanati, wanaume walikuwa wachache. Lako liweke kijiweni, na badala ya bibi mtafute dereva mzee asiye na mdomo. Asiye na mdomo ni sifa ya kwanza. Umri ni ya pili.

---

Mzee_Kifimbo

Marahaba tabibu. Hilo la dawa za presha na nguvu sikulijua. Endeleeni.

---

Afisa_Ustawi

La nne ni langu.

VVU kwanza. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima. Chini ya hapo anahitaji mzazi au mlezi. Fundi mkuu wa gereji si mlezi, hata kama kijana analala gerejini. Majibu ni ya kijana, hapewi fundi.

Pili, vijana hawa wapewe siku tofauti na madereva. Mvulana wa miaka 16 aliye kwenye foleni na wanaume wa miaka 30 atajibu kila swali kiume: pombe anakunywa, wanawake anao, haogopi chochote. Hutapata ukweli hata mmoja.

Sasa kitu ambacho hakikuulizwa ila kitajitokeza chumbani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 ulikuta karibu mvulana 1 kati ya 7 alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wasichana walikuwa karibu 3 kati ya 10, kwa hiyo hatushindanishi. Tofauti ni kwamba mvulana hana lugha ya kusimulia. Aliyefanyiwa na mwanaume anaogopa kuitwa majina. Aliyefanyiwa na mwanamke mtu mzima anapigwa makofi ya pongezi. Na wengi wanaamini kwamba mwili ukiitikia basi walitaka. Mhudumu alitamke hili bila kupepesa: mwili huitikia bila ridhaa, haimaanishi alikubali.

Akisema limetokea karibuni, kila saa ina thamani. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zianze ndani ya saa 72, kadiri ya mapema ndivyo bora, kisha siku 28 bila kuruka. Asioge kabla ya kuchunguzwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki unatunza unyevu na ushahidi unaoza. PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, inatolewa polisi, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya mbele ambako atasimulia mbele ya waliokuja kudhamini ndugu zao. Majeraha makubwa yatibiwe kwanza, fomu ifuate. Simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya.

Mtego wa sheria: kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kubakwa kwa msichana au mwanamke tu. Askari mgeni anaweza kusema "mvulana habakwi" akafunga daftari. Kosa lipo, linafunguliwa chini ya kifungu cha 154 au vifungu vya udhalilishaji wa kijinsia, kutegemea kilichotendeka. Mwenye kumsindikiza aende na hilo kichwani. Kenya, sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya 2006 inasema "mtoto", haichagui jinsia.

Na gerejini kwenyewe: kupigwa spana na kuambiwa "utakomaa" si mafunzo. Kazi ya hatari kwa aliye chini ya 18 hairuhusiwi, na kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila stendi ni hatari hata kwa fundi mkuu.

---

Sista_Dirishani

Nimesahau vipimo vya kujipima VVU. Zahanati ikiwa navyo, wapeni wanaokataa chumbani waondoke navyo mfukoni. Dakika 15 kabla asile wala asinywe. Anapitisha kijiti mara moja ufizi wa juu na mara moja wa chini, anakitumbukiza kwenye kichupa, anasoma baada ya dakika 20 na si zaidi ya 40. Mistari miwili si jibu la mwisho, aje kuthibitisha. Anayetumia ARV asikitumie, kitamdanganya. Na maambukizi ya ndani ya miezi 3 yanaweza yasionekane.

Wake nao wanaweza kupelekea waume. Utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2016 ulikuta wanawake waliopewa vipimo viwili vya kupeleka nyumbani, wenza wao 91 kwa 100 walipima, dhidi ya 52 kwa waliopewa barua ya mwaliko. Lakini mke aulizwe kwanza faraghani kama nyumbani kuna ugomvi wa mikono. Kama upo, asipewe mzigo huo.

---

Katibu_Kijiwe

Nimenakili yote. Naomba moja dogo: zahanati ina mkanda mmoja tu wa presha, na hapa kuna jamaa wamejaa mikono kwa kunyanyua vyuma. Unafaa wote?

---

Sista_Dirishani

Haufai. Wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 mpaka 32. Ukimbana mtu wa 36 utasoma presha ya juu ambayo hana. Azima futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Wa zaidi ya 32, andika majina yao pembeni, waje hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye mkanda mkubwa. Waambie ni kwa sababu mikono yao mikubwa. Watakuja wote.